Kugongana si Kuungana: Chaji na Uga wa Umeme katika Vitone vya Mawingu

1.0 Utangulizi

Msimbati ni kijiji cha rasi, mashariki ya mji wa Mtwara, kando ya Ghuba ya Mnazi na si mbali na mdomo wa Mto Ruvuma. Mvua za huko huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Lakini hata ndani ya msimu, mawingu mengi hutoka baharini yakapita bila kudondosha kitu. Msemaji wa Kiswahili akisema kwamba wingu lina umeme, humaanisha kwamba lina radi. Neno hilohilo hutaja nishati inayozalishwa Mtwara kwa gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982. Maana zote mbili humwelekeza msikilizaji kwenye nguvu kubwa. Makala haya yanaeleza umeme mwingine, mdogo, usioonekana wala kusikika, ambao huweza kuamua kama vitone viwili vitakuwa kimoja. Yanadai pia kwamba ugumu wa kuueleza kwa Kiswahili hauko katika uhaba wa nomino, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali katika vitenzi.

2.0 Kizuizi cha hewa

Kitone cha wingu huwa na nusu kipenyo cha mikromita 10 hivi, yaani sehemu 10 za milioni ya mita. Tone la mvua lenye nusu kipenyo cha milimita 1 lina ujazo wa vitone milioni moja vya namna hiyo. Mvuke ukiganda juu ya kitone hukikuza, lakini ukuaji huo huzidi kupungua kasi kadiri kitone kinavyonenepa. Katika mawingu mafupi ya pwani, yasiyofika kimo cha kilomita 5 hivi ambako barafu huanza kuwezekana, njia iliyobaki ni vitone kukutana.

Kukutana huko si jambo jepesi. Kitone kikubwa huanguka upesi zaidi na kukifikia kidogo kilicho chini yake. Lakini hewa inayosukumwa mbele ya kikubwa hukibeba kidogo na kukipitisha kando. Vitone vyenye nusu kipenyo chini ya mikromita 20 hukwepana hivyo mara nyingi sana. Hata vikigusana, utando wa hewa kati yao huweza kuvirudisha nyuma. Kwa hiyo kuna hatua mbili: mgongano na muungano. (Istilahi ya pili imekwisha kutwaliwa na siasa tangu mwaka 1964, lakini muktadha hutosha kuondoa utata.)

3.0 Chaji zinazofanana

Mwaka 1879 Lord Rayleigh alichunguza matone ya mchirizi wa maji uliorushwa juu. Bila umeme, matone yaligongana na kutawanyika. Aliposogeza karibu kipande cha lakiri kilichosuguliwa, yaliungana. Umeme ulipozidi, yalitawanyika tena, safari hii kwa kusukumana. Kiasi kidogo kilifanya kazi ambayo kiasi kikubwa kiliiharibu.

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba chaji zinazofanana husukumana. Kanuni hiyo ni sahihi kwa chaji zilizo katika nukta. Kitone cha maji si nukta. Ni kipitishi, na chaji zake huhama juu ya uso wake. Kitone chenye chaji nyingi kikikikaribia chenye chaji chache za aina ileile, husukuma chaji za mwenzake upande wa mbali, na upande wa karibu hubaki na chaji za kinyume. Kwa mbali vitone hivyo husukumana. Kwa karibu sana huvutana. Haviwi hivyo tu pale uwiano wa chaji zao unapolingana na ule ambao vingekuwa nao baada ya kugusana, mathalani vitone viwili sawa vyenye chaji sawa. Hesabu za nguvu baina ya tufe mbili za namna hii zilianzwa na Lord Kelvin katika karne ya 19.

Hapa ndipo kauli ya kutendana inapopotosha. Vitenzi *kugongana*, *kuvutana* na *kusukumana* huwapa watendaji wawili hadhi sawa, ilhali tukio lenyewe halina usawa: kimoja huanguka juu ya kingine, kimoja huhamisha chaji za kingine. Mwalimu akisema kwamba kitone kikubwa *hukikumba* kidogo, au kwamba chaji ya kimoja *huzihamisha* za mwenzake, sababu huonekana ndani ya sentensi. Neno *chaji* nalo lina tatizo lake. Tangu simu za mkononi zienee, huchukuliwa kuwa kitu kinachoisha. Chaji ya kitone haiishi kwa kutumika. Huongezeka au kupungua kwa kunasa ioni, na ina ishara, chanya au hasi.

4.0 Uga

Istilahi *uga*, ambayo asili yake ni kiwanja cha nyumba, imefanikiwa zaidi, kwa kuwa hutaja eneo na si kitu. Siku ya hali ya hewa tulivu uga wa umeme karibu na ardhi huwa volti 100 kwa mita hivi. Ndani ya wingu la radi huweza kupita volti 100,000 kwa mita. Uga hutenganisha chaji hata ndani ya kitone kisicho na chaji ya ziada: ncha moja huwa chanya, nyingine hasi, na ncha zinazoelekeana za vitone viwili vilivyopangana kufuata mwelekeo wa uga huvutana. Wingu tandavu lisilo na radi nalo halikosi chaji. Mkondo dhaifu ushukao kutoka anga la juu hupita ndani yake kwa shida, kwa sababu vitone hunasa ioni. Hivyo chaji chanya hukusanyika ukingoni juu na hasi ukingoni chini.

Wapo waliojaribu kuyatumia maarifa haya. Nchini Oman, kwenye wasemaji wengi wa Kiswahili, mitambo ya kutoa ioni ilijaribiwa katika milima ya Hajar kuanzia mwaka 2013. Na mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walijaribu droni za kutoa chaji katika Falme za Kiarabu. Mvua hubadilika sana kwa kawaida yake, kwa hiyo kupima mchango wa mitambo kunahitaji takwimu za misimu mingi. Anayeahidi mvua kwa chaji aulizwe kwanza ni hatua ipi anayoigusa, ya mgongano au ya muungano, na kwa vitone vya ukubwa gani. Swali hilo lina uzito, kwani mwaka 2009 Ristenpart na wenzake walionyesha kwamba matone yenye chaji za kinyume, uga ukipita kiwango fulani, hugusana, hubadilishana chaji, kisha huachana.