Mkutano Mkuu wa Kijiji na Muhtasari Wake

Wapo makada wanaodhani kwamba Halmashauri ya Kijiji ndiyo mwenye kijiji. Sivyo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, mamlaka ya juu kuhusu sera za kijiji ni Mkutano Mkuu, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Halmashauri, yenye wajumbe 15 hadi 25, ni mtumishi wao.

Tuchukue ardhi, maana hapo ndipo unyonyaji hupenyea, hasa kandokando ya Dodoma tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza Halmashauri kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Je, ni nini kitathibitisha ridhaa hiyo? Muhtasari. Ukifungiwa kabatini, uamuzi wa umma hugeuka kuwa neno la mwenyekiti. (Na kabati, kama tujuavyo, lina ufunguo mmoja.)

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016 inamruhusu raia kuomba kumbukumbu za mamlaka za umma, naye ajibiwe ndani ya siku 30. Lakini mkulima wa Bahi asingojee siku 30: muhtasari wa kikao kilichopita usomwe kwa sauti mbele ya wote, usahihishwe, ndipo ajenda mpya ifunguliwe.