Viendeshi vya Ndani na Moduli katika Kiini cha Linux: Mazingatio kwa Ofisi za Juba

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya kueleza teknolojia kwa Kiswahili imefika Juba pia. Katika Linux, kiendeshi ni programu inayokiwezesha kiini cha mfumo kutumia kifaa. Kiendeshi kilichojengwa ndani hupakiwa pamoja na kiini. Moduli huingizwa inapohitajika, na aghalabu huondolewa bila kuzima kompyuta. Hivyo ofisi ya Juba yenye kompyuta za vifaa tofauti yaweza kuzihudumia kwa kiini kimoja. Hata hivyo, tofauti hiyo ni ya wakati, si ya mamlaka: moduli ikishaingia huwa na uwezo wote wa kiini, na hitilafu yake yaweza kuusimamisha mfumo mzima. Sera ya ununuzi, basi, idai moduli zenye saini ya kidijitali.