Jumba la Pitti na Fahari ya Ukoo
Katika mji wa Florence, nchini Italia, nguvu za ukoo zilitangazwa kwa mawe. Mwaka 1444 Cosimo de' Medici, tajiri wa benki, alianza kujenga jumba ambalo mawe yake ya chini yaliachwa bila kulainishwa, mithili ya ngome. Mwaka 1458 Luca Pitti, naye mwenye benki, akaanza lake ng'ambo ya mto Arno. Mwaka 1466 alijiunga na njama dhidi ya Medici. Ikashindikana, na heshima yake ikaporomoka. Alifariki mwaka 1472, jumba halijakwisha. Mwaka 1549 likanunuliwa na Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa ukoo ule ule wa Medici. Leo ni makumbusho ya umma. Wenye madaraka na wazingatie: jumba humtangaza aliyelijenga, bali halimlindi.