Maji Baridi ya Mlimani na Pumzi Yako

Watu wanaokaa katika joto la bonde la Semliki hupenda kupanda mpaka kwenye mito ya mlima Ruwenzori. Huondoka asubuhi na chakula chao, na jioni hurudi. Huko katika makorongo, maji yamechimba mashimo kati ya mawe. Mengine yana kina kupita urefu wa mtu, na maji yake ni maangavu hata unaona kokoto chini. Njia ilikuwa kali, jasho linatoka. Kijana anavua shati, anapiga mbio, anaruka. Mara nyingine haonekani tena akiwa hai.

Hapo watu husema, "Mamba-muntu amemvuta." Wengine husema, "Hakujua kuogelea." Lakini kijana wa namna hiyo huenda alijua sana kuogelea katika mto wa kwao. Basi, nini kilimwua? Soma kwa uangalifu, kwa maana jibu laweza kumwokoa mtoto wako.

Kwa nini maji haya ni baridi?

Kilele cha Ruwenzori kinachoitwa Margherita kina urefu wa mita 5,109. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa digri 6 hivi. Juu kabisa iko barafu. Mto Butahu, unaopita karibu na Mutwanga, hushuka kutoka huko. Maji yake hukimbia katika kivuli cha miti na kuta za mawe, wala hayapati nafasi ya kuota jua. Kwa hiyo wewe unasimama penye hewa ya joto, lakini maji yaliyo mbele ya miguu yako yametoka penye baridi kali. Jasho lako linakudanganya.

Baridi inafanya nini mwilini?

Damu ya mtu mzima wa afya ina joto la digri 37 hivi. Ngozi ikikutana na maji baridi kwa ghafula, kifua huvuta pumzi moja kubwa bila kukuuliza. Huwezi kuizuia kwa ushujaa. Kama kichwa chako kimo majini wakati ule, unavuta maji badala ya hewa. Kisha pumzi huenda mbio kama ya mtu aliyefukuzwa na mbwa. Moyo hupiga kwa nguvu, mishipa ya ngozi hujifunga, na presha ya damu hupanda. Mambo hayo huwa makali zaidi katika dakika ya kwanza, kisha hupungua.

Sasa umefahamu. Yule aliyekufa mara alipoingia hakuvutwa na mamba-muntu, wala hakukosa ujuzi. Alinyang'anywa pumzi.

Anayekaa sana majini ana hatari nyingine. Maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa, karibu mara 25. Baada ya dakika 10 au zaidi, vidole hufa ganzi na mikono haiwezi kushika jiwe. Muogeleaji hodari hushindwa kufika ukingoni, hata kama ni hatua tano tu.

Ufanye nini basi?

1. Pumzika kwanza mpaka jasho likauke. Usiingie peke yako kamwe.

2. Usiruke. Maji maangavu huficha kina chake, na jiwe laweza kuwapo chini. Ingia kwa miguu, polepole. Jimwagie maji mikononi, usoni na kifuani. Ngoja pumzi itulie, ndipo uendelee.

3. Ukiteleza na kuanguka ndani, usipigane na maji. Lala chali, kinywa juu, ukae hivyo mpaka pumzi irudi. Kisha ogelea kwenda ukingoni.

4. Kaa dakika chache tu. Toka kabla ya kuanza kutetemeka.

5. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au kifafa asiingie. Aliyekunywa pombe asiingie.

6. Tazama mawingu upande wa juu. Mvua ikinyesha mlimani, mto huja kwa nguvu hata kama jua linawaka hapo ulipo. Tarehe 1 Mei 2013, mto Nyamwamba, upande wa Uganda wa mlima huu huu, ulifurika Kilembe ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali. Ukiona maji yanageuka rangi ya udongo au yanaleta majani na vijiti, acha vitu vyako, panda juu mara moja.

Mtu akipatwa na shida

Usiruke kumfuata, msije mkafa wawili. Mtupie kamba, au umnyoshee mti mrefu.

Akitoka akitetemeka, mvue nguo zenye maji, mkaushe, mfunike blanketi na kichwa pia. Mwili waweza kuendelea kupoa hata baada ya kutoka majini, basi asiachwe peke yake. Kama ana akili zake, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimpe pombe, maana hufungua mishipa ya ngozi na joto hupotea zaidi.

Kama hapumui, usimning'inize kichwa chini, wala usimkande tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua yake, mpulizie kinywani mara 5. Asipoamka wala kupumua, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, mpulizie mara 2, na kuendelea hivyo, huku mwingine akikimbia kutafuta msaada. Hata akiamka, mlete hospitali siku ile ile, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yaweza kumdhuru baadaye.

Wewe baba, wewe mama, usiwakataze watoto mto bila kuwaeleza sababu. Kabla hawajapanda mlimani, waketishe uwaambie: kuingia polepole si woga. Aliye na pumzi yake ndiye atakayerudi nyumbani jioni.