Shehena ya Meli BBC China

Mnamo Oktoba 2003, meli ya Kijerumani iitwayo BBC China, iliyokuwa imepitia Dubai ikielekea Libya, iliamriwa kutia nanga Taranto, Italia, ambako makontena yake yalikutwa na vipuri vya sentrifuji, yaani mitungi inayozungushwa kwa kasi kubwa mno ili kurutubisha urani. Vipuri hivyo vilitengenezwa Malaysia kwa ajili ya mtandao wa magendo ya teknolojia ya nyuklia wa Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi wa Pakistan ambaye Februari 2004 alikiri kwenye televisheni kuhusika kwake.

Ugumu wa kuizuia biashara hii ya kutisha unatokana hasa na bidhaa zenye matumizi mawili, kwani pampu au bomba la alumini huweza kuagizwa kihalali na kiwanda cha kawaida, ilhali hati za forodha zinamficha mnunuzi halisi. Ndiyo maana Azimio namba 1540 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Aprili 2004, linailazimu kila nchi, hata isiyo na kinu cha nyuklia, kudhibiti mipaka na usafirishaji wake. Na ni haki kabisa, kwa kuwa mtandao wa Khan ulihitaji bandari za kupitishia mizigo kama ulivyohitaji wahandisi.