Mchoro wa Kiondo Huanzia Kitakoni

Ukinunua kiondo, kikapu cha kusukwa, sokoni Wote au Kitui mjini huko Ukambani, kipindue kwanza uone kitako. Msusi alianzia hapo: alipishanisha nyuzi chache za katani katikati, akazitandaza pande zote, kisha akazizungushia nyuzi nyingine mbili zinazosokotana kila zinapovuka uzi uliosimama. Kitako kikipanuka, msusi huongeza nyuzi za kusimama. Idadi ya nyuzi hizo ndiyo inayotawala mchoro.

Tuseme uzi mmoja wa kuzungushia ni mweusi na mwenzake ni mweupe. Nyuzi za kusimama zikiwa shufwa, nyeusi huangukia juu ya nyeusi kila mzunguko, na mistari hupanda wima hadi mdomoni. Zikiwa witiri, rangi hupokezana: palipokuwa peusi huja peupe, na kiondo kizima hujaa vidoa vya kupishana. Uzi mmoja tu umegeuza sura yote! Ni kazi ya sanaa yenye hesabu kali, na inaniuma inapoitwa pambo.

Mchoraji hukuta turubai iko tayari. Msusi huumba turubai na picha kwa wakati mmoja. Hata makumbusho ya sanaa ya MoMA, New York, yalimpa mfumaji Anni Albers maonyesho yake mwenyewe mwaka 1949. Ukambani, wanawake walikuwa wamebeba sanaa ya aina hiyo mgongoni kwa vizazi, mshipi ukipita juu ya paji la uso. Kabla ya katani kuenea, walisokota hata nyuzi za gome la ndani la mbuyu, mti unaouona Kibwezi ukielekea Mombasa.

Kisha mitindo ya ng'ambo ikakipenda kiondo. Kikatiwa mikanda ya ngozi, kikawekwa bitana na zipu, bei ikapanda. Sina ugomvi na ngozi. Ninachopinga ni kuchapa mistari ya kiondo kwenye kitambaa na kuuita ubunifu wa Kikamba, ilhali hesabu iliyoizaa mistari hiyo imeachwa nyuma.

Mbunifu wa Nairobi anayetaka mkoba wenye mchoro wake afike Makueni kabla kitako hakijaanzwa, wakubaliane na msusi idadi ya nyuzi na malipo. Na kwenye bitana lishonwe jina la msusi pia, kwa herufi za ukubwa uleule.