Mwenye funguo zote za hesabu

Benki ya CRDB ya Dar es Salaam ina kampuni tanzu Burundi na Kongo. KCB ya Nairobi imefika mbali zaidi, hadi Sudan Kusini. Kila kipindi cha hesabu kikifungwa, faranga, shilingi na pauni za nchi hizo lazima zisomeke kama hesabu moja, kwa sarafu moja.

Duniani, makundi mengi makubwa ya kampuni huikabidhi kazi hiyo programu maalumu, kama Hyperion, ambayo Oracle iliinunua mwaka 2007 kwa takriban dola bilioni 3.3. Na kila programu ya aina hiyo ina msimamizi wake, mtu ambaye jina lake halionekani popote kwenye taarifa inayochapishwa.

Yeye ndiye anayefungua akaunti mpya, kuingiza viwango vya kubadilishia fedha na kumpa kila mtumiaji ruhusa yake. Mali na madeni hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya kufunga. Mapato na gharama, kwa wastani wa kipindi. Akiipa akaunti aina isiyo yake, mfumo utatumia kiwango kisichostahili bila kulalamika.

Usumbufu mkubwa uko kwenye miamala ya ndani. Kampuni mama ikiikopesha tanzu, mkopo huo ni mali huku na deni kule, na katika hesabu za kundi vyote viwili hufutwa. Lakini tanzu ikiandika malipo tarehe 31 na makao makuu yakaandika tarehe 1, hesabu hugoma kukutana. Saa nne usiku mhasibu mkuu anampigia simu msimamizi: "Ndugu yangu, si urekebishe tu huko kwenye mfumo, kesho bodi inakaa."

Anaweza. Kwa maoni yangu, kazi yenyewe iko hapo: kuwa na uwezo wa kubadili tarakimu yoyote, bila mamlaka ya kubadili hata moja. Kampuni ya simu ya WorldCom ya Marekani ilianguka mwaka 2002 baada ya wakaguzi wake wa ndani, wakiongozwa na Cynthia Cooper, kugundua kuwa gharama za mabilioni ya dola zilihamishiwa upande wa mali kwa maingizo ya makao makuu. Sheria ya Marekani ya Sarbanes-Oxley ya mwaka huohuo ikawabana viongozi wa kampuni wathibitishe udhibiti wa hesabu zao, na tangu hapo orodha ya nani ana ruhusa gani haikosekani mezani kwa mkaguzi.

Bado zipo ofisi ambamo mhasibu anayeandika maingizo ndiye huyohuyo msimamizi wa mfumo, eti watu ni wachache. Sikubaliani nazo. Kama hakuna fedha za kuajiri mtu wa pili, basi kumbukumbu za mfumo, yaani nani alibadili nini na saa ngapi, zisomwe kila mwezi na mtu wa idara nyingine, naye azitie saini.